Ramani ya Chumba Nisichoingia

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Turwa.

Ushindi unakuja, nauona! Jana huko kijijini Itiryo familia ilikubaliana kumjengea Mama nyumba mpya kabla ya mvua za vuli. Ile ya zamani ina ufa unaopitisha mkono. Mama kakubali kwa sharti moja tu: chumba chake cha kulala kiwe kama kilivyo. La sivyo habanduki, ukuta umwangukie humo humo.

Shemeji Ogada, mume wa dada yangu Agustina, akasema ramani atachora yeye. Ana ofisi Sirari. Ana kofia ya plastiki ya ujenzi, haivui hata mezani. Nikasimama. Nikasema mtoto wa kwanza wa kiume ni mimi, Nikodemo, na ramani nitaichora mimi, kwa kompyuta. Agustina akauliza tangu lini najua kompyuta. Wivu mtupu. Imeamuliwa tulete zote mbili Jumapili, Mama achague.

Jumanne, 5 Agosti.

Saadi, muuza kompyuta wa mjini, ameniwekea programu ya kuchora nyumba kwenye kompyuta ya duka langu la fotokopi. Akanieleza mengi. Chagua kipimo kabla ya kuchora. Kuta zigusane, la sivyo programu haitambui chumba. Hifadhi kazi kila mara. Paa liwe la mwisho. Niliitikia yote kwa kichwa. Nilisikia la paa.

Kabla ya chai nyumba nzima ilikuwa imesimama. Safi sana! Nikavuta kochi nilipeleke sebuleni. Kochi likafunika sebule, jiko, vyumba vyote na uwanja. Nikampigia Saadi, nikamwambia programu yake ina makochi ya majitu. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe nimejenga kwa inchi badala ya futi, nyumba ya mama yangu inamtosha kuku mmoja, tena asigeuke. Nimefuta yote.

Ushauri kwa watakaonifuata: anza na kochi, kisha jenga nyumba kulizunguka.

Jumatano, 6 Agosti. Itiryo.

Nimekwenda na futi ya chuma kupima nyumba ya zamani. Sebule tayari. Jikoni nilikawia. Jiwe la kusagia bado lipo, limechimbika katikati. Kibuyu cha maziwa bado kinanukia moshi ule ule. Nilikiweka puani, nikawa mtoto tena, nasubiri nilambe mfuniko. Nilipozinduka jua lilikuwa limesogea na sikuwa nimepima kitu.

Kikabaki chumba cha Mama. Hapo ndipo penye shughuli. Tangu nitoke jando sijavuka mlango ule, na mwanamume wa Kikurya mwenye akili zake hauvuki, hata kwa ajili ya ramani. Mke wangu alijitolea kupima yeye. Nilikataa! Yeye na Agustina wanapigiana simu kutwa. Vipimo vingefika kwa Ogada kabla mimi sijafika barabarani.

Nikabuni. Nikapitisha futi dirishani kutoka nje, taratibu, iguse ukuta wa pili. Mila inazuia miguu, haijataja futi. Sikujua Mama kajilaza ndani. Akaona kitu chembamba cha njano kinaingia kikitikisika. Fimbo ya marehemu Baba huwa kando ya kitanda. Nilisikia mapigo, nikabaki na kipande mkononi.

Mama akatoka anahema. "Mura, kijana wangu, nimeua nyoka! Ingia umtoe." Kisha akakumbuka kuwa siwezi kuingia. Nami nikamshukuru Mungu kwa mila zetu.

Alhamisi, 7 Agosti.

Futi imekufa. Lakini nimeamka na wazo kubwa. Kwa nini nipime chumba ninachokikumbuka? Nililala humo utoto wangu wote! Sote tulilala humo na Mama, tumejipanga juu ya ngozi za ng'ombe, pamoja na mwanambuzi yeyote aliyezaliwa wakati wa baridi. Mvua ikipiga bati Mama alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, nasi tunashindana nani atasinzia wa mwisho. Na nafasi ilibaki! Tulikuwa tunabingirika kutoka ukuta hadi ukuta, safari ndefu, unafika umechoka.

Basi nimechukua vitanda vya kwenye programu, nikaweka kimoja kwa kila mtoto. Hata cha Waitara, mdogo wangu, aliyefariki akiwa hajaanza shule. Cha kwake nimekiweka karibu na mlango, pale pale alipopenda. Vilipogoma kuenea nikasukuma ukuta. Vikagoma, nikasukuma tena. Jiko limeisha. Sawa tu, Mama anaweza kupikia nje.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Umeme umekatika. Sikuwa nimehifadhi. Nimechora upya kwa hasira, ukuta kwa ukuta. Nikapaka sebule rangi, nikaweka zizi mbele ya mlango kama inavyopaswa. Ng'ombe hawamo kwenye programu. Nimeweka farasi.

Mwisho nikaezeka paa, kama Saadi alivyoagiza. Vyumba vyote vikatoweka! Nilipiga kelele, wateja wa fotokopi wakakimbia. Saadi akasema vyumba vipo chini ya paa, ndiyo kazi ya paa, nibonyeze kulificha. Mtu huyu hueleza mambo kwa kuchelewa sana.

Jumapili, 10 Agosti. Itiryo.

Ogada alitangulia kuonyesha. Agustina alimpimia chumba, kwa hiyo kila kitu sawasawa mpaka unene wa plasta. Mama akaishika karatasi, akaitazama. Akasema hiki si chumba chake, ni kidogo. Wote wakaapa kuwa ndicho. Nilikuwa nimeanza kucheka kimoyomoyo.

Nikafungua yangu, niliyoichapa kwenye karatasi kubwa. Ogada akavua kofia kwa mara ya kwanza. "Shem, hii ni chumba ama ni uwanja ya mpira? Na hawa punda ni wa nani?" Wakacheka wote, hata mke wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama hakucheka. Akaweka kidole kwenye kitanda kimoja, akauliza ni cha nani. Nikamwambia. Akahamia kingine, safari hii akataja jina mwenyewe. Akaenda hivyo, mmoja mmoja, mpaka mlangoni. Hapo kidole kikatua. Akasema, "Huyu ni Waitara."  Agustina akajifunika kanga usoni. Mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Akasema hiki ndicho chumba chake, kilikuwa hivi hivi. Kisha akaniuliza sasa nani atakifagia, na wenyewe wote mmeondoka. Akaamuru ijengwe ramani ya Ogada. Yangu ameikunja akaingia nayo chumbani, mahali ambapo siwezi kufuata kujua ameiweka wapi.

Jumatatu, 11 Agosti. Turwa.

Nimetafakari. Nimeshinda! Ramani ya Ogada itakaa na mafundi, kwenye udongo na saruji. Yangu inakaa na Mama. Nimemweleza mke wangu hivyo. Ameondoka kwenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Tena Mama amepiga simu asubuhi. Ogada amesahau choo cha nje. Ananiomba nichore mimi. Choo tu, amesisitiza, na kiwe pale pale kilipokuwa zamani.

Mke wangu ameniletea futi mpya. Ya nini? Nakikumbuka vizuri kile choo. Kilikuwa mbali mno, hasa giza likiingia. Unapita zizi, unapita migomba, unakimbia, unamwita Mama, na bado hujafika. Nimeshaanza kuchora. Kwa hesabu zangu kitaangukia shambani kwa jirani, ng'ambo ya kijito. Kesho nitamwendea jirani tuzungumze.