Muguu ya Kushoto Imepata Sita kwa Kumi

Jumatatu, 3 mwezi wa sita 2024

Kaye yangu, daftari yangu mupya, jambo sana. Mi sijui namna banaandikaka mu kaye ya siri, najua barua tu. Basi nianze sawa barua. Hapa nyumbani bote tuko bazima. Mi Mama Mwadi niko. Marehemu bwana yangu Tata Ngeleka iko pa ukuta mu foto yake, anakusalimia. Kioo ilipasuka lakini uso haikuguswa. Kuku iko, anakusalimia. Kiti ya Polycarpe iko. Redio mabetri iliisha, hata vile inakusalimia. Ni bote.

Sasa habari. Kila nikitoka soko, nyama ya muguu ya kushoto inanikamata nyuma, chini ya goti, sawa mbwa ameuma. Nikisimama, inaniachilia. Nikitembea, inarudilia. Leo pa hospitali munganga Samy aligusa miguu yote mbili. Akasema ya kushoto ni baridi, pengine njia ya damu inaziba mule ndani. Jumatano batapima presha ya mikono na ya miguu, balinganishe. Aliita ile kitu examen, sawa mutihani ya masomo.

Examen! Moyo ilipiga kwa furaha. Juu Polycarpe, mutoto yangu mumoja tu, hakurudi kutoka Dilolo tangu tulizika baba yake. Miaka mbili. Nikamupigia simu mbio: nikianguka hii examen, ukuye. Akasema nikianguka kweli, atapanda lori siku ile ile. Lakini kweli, Mama. Isikuwe tena sawa Pasaka.

Tusiongee Pasaka.

Sawa, tuongee kidogo. Nilimwambia mudomo yangu imepinda. Akapanda treni, akafika mpaka Mutshatsha, akapiga simu. Nilisahau telefone kwa jirani Brigitte. Brigitte akapokea, akamwambia: mama yako iko mu ndoa, anacheza. Mutoto akageukia pale pale. Brigitte yule! Batoto yake bane banaishi hapa hapa Kolwezi, kila Jumapili pa mulango yake biatu bimejaa.

Mupango: lazima nianguke.

Jumatano, 5

Aibu! Nieleze pole pole.

Nilijitayarisha. Sikukula bukari, nikose nguvu. Nilianza kulia tangu mulangoni. Binti ya mashini, jina yake Tina, akasema: Mama, lala, ulie kidogo kidogo, mashini haisikii kilio, inasikia damu.

Nilingojea sindano ya kutoa damu. Hakuna! Hata tone moja hawakutosha. Ugonjwa gani hii banatafuta bila kukuumiza? Alifunga kitambaa ya presha ku mukono, halafu ku kifundo ya muguu. Akapaka dawa ya kuteleza, baridi sana. Akashika kitu sawa kalamu, akaigusisha pale, na kalamu ikaanza kusema. Muguu ya kuume: vwa! vwa! vwa! Sawa mwanamuke anafua nguo kwa hasira. Ya kushoto: shi... shi... Sawa mutu anafagia mu kiwanja ya mbali.

Nilisahau kulia. Nilimuomba arudilie. Akarudilia. Tangu Tata Ngeleka alikufa, hakuna mutu alinisikiliza wakati murefu vile.

Akanipa karatasi. Kuume 1,0. Kushoto 0,6. Nikauliza: hii ni sita kwa kumi? Akasema ndiyo Mama, sawa sita kwa kumi, munganga atakuelezea Ijumaa. Anieleze nini? Nilisoma mpaka ya tatu primaire, bulletin ya pointi naijua! Ukifikisha tano, umepita. 60 %! Mi, mu masomo sikupataka hata 45! Maisha yote naanguka. Siku moja natafuta kuanguka, napita.

Brigitte akaona karatasi mu mukono yangu. Nikamusomea. Akapiga bigelegele mpaka kuku akakimbia. Akaleta poudre, ile banamwagiaka batoto ku kichwa bakipita examen, akamwaga kopo nzima ku muguu yangu. Nyeupe sawa unga. Akapiga foto. Akamutumia Polycarpe.

Polycarpe akajibu: bravo Mama, basi nitulie, nisikuye tena.

Alhamisi, 6

Sikutoka. Vumbi ya malori ya mugodi ya Mashamba iliingia mpaka mu sufuria. Nilipika bukari ya batu babili. Mazoea. Kuku akakula sehemu ya Polycarpe, hakusema hata asante.

Mupango mupya! Kinga ya Tata Ngeleka, ile baisikeli alipandaka akienda kazi, iko nyuma ya nyumba. Nimetosha mupira ya ndani ya gurudumu ya mbele, nimekata kipande. Kesho nitaifunga ku muguu, chini ya liputa yangu ya kitenge. Damu isipite. Nitashuka mpaka tatu kwa kumi. Nani alisema sina akili?

Ijumaa, 7

Munganga Samy mwenyewe akasema Tina apime tena mbele yake. Vizuri kabisa! Nililala, nikatabasamu. Kalamu haikusema kitu. Tina akatosha macho. Munganga akaruka ku kiti, akapandisha liputa.

Mupira.

Tina akatoka kuchekea inje. Munganga hakucheka. Akauliza juu ya nini. Nikamwambia yote: Dilolo, Pasaka, poudre. Akavuta kiti karibu. Akasema: Mama Mwadi, hii haiko pointi ya masomo. Presha ikiwa kumi ku mukono, ku muguu ya kushoto inafika sita tu. Chini ya tisa ni ugonjwa, njia ya damu imekuwa nyembamba. Ukiichezea, siku moja kidonda itakataa kupona, na muguu batakata. Mupira ulifunga bure, Mama. Tangu Jumatano ulishaanguka.

Nikaruka ku kitanda: Nimeanguka! Asante Mungu!

Munganga alinitazama sana.

Akanipa dawa. Akanipa na kazi: kila siku nitembee mpaka nyama inikamate, nipumuzike, nitembee tena. Asema damu itajitafutia njia ndogo ndogo pembeni. Mupira yangu akaifungia mu meza yake.

Nikamupigia Polycarpe. Nimeanguka, kweli ya Mungu! Mutoto akacheka. Asema Jumatano poudre, Ijumaa umeanguka, ao mudomo imepinda tena? Akakata.

Jumamosi, 8

Kweli ninayo, karatasi ninayo, mutu wa kuniamini sina. Nikafikiri: Polycarpe anaaminia nani? Jibu ikanichoma kuliko muguu.

Nikaenda kwa Brigitte. Nyama ilinikamata mara mbili kati ya mulango yangu na yake. Nikamuelezea sita kwa kumi ni nini. Akakaa chini. Yo, maskini, kumbe nilimwagia ugonjwa poudre! Akapangusa macho na liputa, akashika telefone. Polycarpe, ni mi tantine Brigitte, leo mama yako hadanganyi, kuya. Ni ile tu! Na mutoto akaitika: ndiyo, tantine. Mi nilizaa yule mutoto siku mbili nzima, na yeye anaaminia jirani.

Jumanne, 11

Amefika! Vumbi mpaka mu kope. Amekonda. Alikaa ku kiti yake, kiti ikalia, nikasikia vizuri.

Akapiga magoti, akaosha muguu yangu. Kati ya bidole poudre ilikuwa ingali. Akaosha tena, pole pole. Akasema ni baridi kweli, Mama. Halafu akasema: ungeniambia tu uko peke yako, ningekuya.

Nikamwambia: ile banapimaka na mashini gani?

Akainamisha kichwa, akaendelea kuosha.

Jumamosi, 15

Ameenda na lori ya asubuhi.

Siku tatu tulitembea sisi babili ku barabara. Siku ya kwanza nyama ilinikamata pa poteau ya umeme ya nne. Siku ya tatu, pa poteau ya sita. Kila ikinikamata, na yeye alisimama, akajifanya anasoma telefone, batu basijue ni mi nagonjwa. Akiaga alisema: mwezi wa tisa batapima tena, ukipanda mpaka nane, Mama, moyo yangu itatulia.

Nimewaza tangu asubuhi. Moyo yake ikitulia, itatulia wapi? Itatulia Dilolo!

Kwa hiyo leo sikutembea. Brigitte alikuya pa mulango na biatu yake ya kutembea. Nikamwambia muguu iko na malaria. Amekasirika, asema atanishitaki kwa Polycarpe. Amushitaki! Amupigie hata leo!

Mupira ya kinga, munganga alininyang'anya moja. Lakini kinga iko na magurudumu mbili.

Basi kaye yangu, pokea salamu ya sisi bote: mi, Tata Ngeleka mu foto, kuku, redio, na kiti. Kiti inakusalimia zaidi. Ukiona akili ingine ya kuita mutoto, unijibu mbio.