Mate ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza. Anafungua tawi la pili la duka la miwani, na meneja atatoka kati yetu wawili: mimi au Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mwenyewe, Mungu anisamehe. Sharti ni moja, barua ya daktari wa macho. Bosi kasema muuza miwani asiyeona ni sawa na kinyozi mwenye chawa. Wote wakacheka. Nikacheka kuliko wote.

Nina sukari, mwaka wa nane sasa. Bosi anajua, maana Shemeji alimwambia "kwa nia njema". Tangu mwezi uliopita jicho la kushoto lina vidoa vyeusi vinavyoelea kama inzi kwenye maziwa. Vumbi tu.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki ya kisukari. Viti vigumu, foleni haisogei. Chati ya herufi nimeisoma yote bila kusita. Kwa nini nisite? Dukani naipachika ukutani kila asubuhi, mwaka wa kumi huu. Nikamalizia na jina la kiwanda. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akauliza nimelionaje, maana limeandikwa nyuma ya chati.

Kisha kaniingiza kwenye utafiti. Wanapima mate. Mate! Kaeleza kwamba mwili ukiteswa na sukari huwa na uvimbe wa ndani kwa ndani, na alama zake huonekana hata mdomoni. Wanataka kujua kama wenye alama nyingi ndio pia wenye mishipa iliyoharibika nyuma ya jicho. Bado hawana hakika. Ila atakayekutwa na alama nyingi ataangaliwa macho siku hiyohiyo. Mwenye chache atapewa barua ya kusema hana dharura, arudi mwezi wa sita.

Barua! Nimepewa kichupa. Nilete mate ya asubuhi, kabla ya kula na kabla ya mswaki.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwomba mke wangu anitemee kidogo. Kanitazama kama mdai. Kasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia siombi methali, naomba mate. Kaingia jikoni, nikasikia sufuria zikiongea kwa niaba yake.

Nani basi ana mate safi? Jibu lilipita dirishani likihema. Shemeji! Anakimbia kila alfajiri, hagusi sukari, na hakubali tusahau. Kumwomba? Heri nife. Lakini nywele zake zimeanza kurudi nyuma, na kila asubuhi anazivuta mbele kwa chanuo kama mtu anayefunika shimo.

Alhamisi, 6 Machi
Saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni kwa Shemeji. Nimemwambia kimetoka kipimo kipya, kinasoma mate na kutaja mwaka ambao mtu atapata upara. Sikumaliza sentensi. Alikuwa ameshanyakua kichupa.

"Niongeze, shemeji?" akauliza, kimefika shingoni.

"Inatosha, shemeji."

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasilisha, jina langu juu. Akili ni nywele! Nikajipongeza kwa kipande cha keki. Na cha pili. Cha tatu nilikila kwa sababu kilikuwa kimebaki peke yake.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari kanipigia simu niende mara moja. Kasema tangu waanze utafiti hajawahi kuona mate kama yale. Nikatuna kwa fahari. Akaendelea: alama za uvimbe zimefurika, lazima macho yaangaliwe leo.

Nifanye nini? Nikisema si yangu, ni aibu. Nikinyamaza, ni jicho. Nikanyamaza. Wakanitia matone, dunia ikawa nyeupe, daktari akachungulia muda mrefu. Kisha akasema polepole:

"Baba, mishipa ya jicho la kushoto inavuja damu. Ungengoja mwezi wa sita, huenda ungelipoteza."

Mate ni ya Shemeji. Jicho ni langu.

Kisha akataka kuona mdomo. Akashangaa. Kasema fizi zangu ni nzima, na mate yale yametoka kwa mtu ambaye fizi zake zinaoza.

"Haya mate ni ya nani?"

Nikatazama dari. Sikuiona, lakini niliitazama.

"Ya familia," nikasema.

Kanifuta kwenye utafiti kwa mstari mmoja mrefu.

Jumatano, 12 Machi
Leza. Radi ndogondogo ndani ya jicho. Mke wangu alinishika mkono tangu mwanzo hadi mwisho na hakurudia methali yake. Hilo liliniuma kuliko leza. Nje ya mlango nilimsikia akipenga kamasi.

Shemeji naye kaitwa kwa daktari wa meno, maana mwishowe ilibidi nimtaje. Kumbe kule kutabasamu kwake siku zote midomo ikiwa imefungwa si maringo! Meno matatu yatang'olewa. Kanipigia simu. Nikajiandaa kwa matusi. Kaniuliza kama majibu ya upara yametoka.

Ijumaa, 14 Machi
Bosi kajua yote. Kwa nia njema, bila shaka. Meneja ni Shemeji. Alishukuru kwa kuinamisha kichwa, shavu limevimba kama chungwa, na wote wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Unyenyekevu! Mdomo ulikuwa na pamba.

Mimi nabaki kwenye kiti changu. Bosi kasema nisiguse chati.

Jumatatu, 17 Machi
Kliniki tena. Daktari kasema jicho litapona vizuri iwapo sukari itatulia. Wiki ijayo nitatolewa damu, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Damu itatolewa palepale, mbele ya muuguzi. Alilisema hilo mara mbili, akinikazia macho.

Miezi mitatu! Na ile keki imo humo.

Nimetoka nikiwaza, na kufika nyumbani jambo lilikuwa limeiva. Muuguzi ni mgeni, hanijui sura. Jirani yetu mchomelea vyuma tunalingana urefu, tumbo hata kipara. Nimvike koti langu na miwani myeusi, nani atagundua? Amekubali bila hata kuuliza sana. Mtu mwenye afya ya nyundo, anabeba mageti peke yake.

Nilimuuliza tu, kwa uangalifu, kama ana sukari. Kasema hana hata chembe. Hajawahi kupima.