Kaya Bora ya Karantini

Tangazo lilisomwa Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu, kuanzia sokoni hadi mwisho wa Bombambili: Kamati ya Kudumu ya Karantini za Kaya inayo furaha kubwa kuwajulisha wananchi wote wa Songea kwamba mji wao umepata Kaya Bora ya Karantini. Kaya hiyo ni ya Mama Walburga, mjane, aliyekaa ndani na wajukuu wake siku arobaini na mbili mfululizo bila kutoroka, bila kulalamika kwa maandishi na, jambo lililoifurahisha Kamati kuliko yote, bila kuugua. Siku ya Alhamisi Kamati nzima ingefika kwake kumkabidhi hati.

Aliyelisoma tangazo hilo ni Aidan, Bwana Afya msaidizi, mtu mzima mwenye mke na sauti safi ya kwaya. Kazini alisifika kwa jambo moja: Mwongozo wa Karantini aliujua wote kichwani, vifungu kumi na tisa pamoja na nukta zake. Wenzake walimcheka, lakini yeye alikuwa na hesabu zake. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na mtu aliyebeba mwongozo mzima kichwani si rahisi kumpunguza, maana utakuwa umepunguza na mwongozo.

Ndiyo miaka ile ya mageuzi, maduka yalipoanza kujaa vitu na mitumba kupata heshima, na neno Ndugu lilipokuwa linaondoka maofisini taratibu kumpisha Mheshimiwa. Kipindupindu nacho, kilichokuwa kinazunguka nchi hadi nchi, kikafika Songea na mvua za kwanza bila kuomba kibali. Kamati iliundwa siku ya tatu. Siku ya nne ilikunywa chai. Siku ya tano ilizigawa nyumba zote za mji katika makundi mawili, zenye geti na zisizo na geti.

Nyumba zenye geti zilikuwa na kibao cha Mbwa Mkali. Bwana Afya haruhusiwi kukagua nyumba yenye mbwa mkali, na nyumba isiyokaguliwa haina mgonjwa kwenye kumbukumbu. Mwisho wa mwezi takwimu zikaonyesha wazi kwamba kipindupindu kinaogopa mbwa. Mwenyekiti, Mheshimiwa Rupert, ambaye kwake kulikuwa na mbwa watatu, aliusifu uvumbuzi huo katika kikao na kuagiza upelekwe mkoani. Karantini ikabaki kuwa jukumu la nyumba zisizo na geti, ambazo kwa bahati njema ndizo zilizokuwa rahisi kuzungushia kamba.

Mama Walburga hakuwa na geti. Alikuwa na ua wa matete, wajukuu wawili, kuku kadhaa, na shamba la ekari mbili ng'ambo ya kijito, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mara ya kwanza alifungwa kwa sababu mjukuu wake mdogo alikula maembe mabichi tumbo likamwendesha siku moja. Kamba ya katani ikazungushwa, akapewa siku kumi na nne. Siku hizo zilipotimia Aidan alikwenda kumfungulia, na mkono ukiwa tayari kwenye fundo akakumbuka kifungu cha saba: mtu yeyote akiingia katika kaya akitokea kaya nyingine iliyofungwa, kaya hiyo ihesabiwe upya. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka sasa hivi kwa jirani, kwenye kamba nyingine. Akaomba radhi, akakaza fundo.

Mara ya pili yakawa yale yale. Kusema kweli, tangu karantini ianze hakuna nyumba iliyowahi kufunguliwa Bombambili, kwa kuwa mfunguaji alikuwa mmoja na kila alikotoka kulikuwa kumefungwa. Kamati ililihesabu hilo kuwa mafanikio. Kaya ishirini na tatu zimefungwa, iliyokaidi hakuna.

Mara ya tatu, Jumanne baada ya lile tangazo, alimkuta Mama Walburga amekaa kwenye kibaraza anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifungua au umekuja kunisalimia?"

"Kukufungua, mama. Ila kwa kuwa nimekuja, na nimetokea kwa yule fundi baiskeli..."

"Basi, usijichoshe. Kifungu cha saba." Alitupa punje mbovu kwa kuku. "Hebu niambie, mvua hii unaiona?"

"Naiona, mama."

"Wenzangu wenye mageti wamelima na kupanda tangu wiki iliyopita. Mahindi hayajui kusoma mwongozo, mwanangu, yanajua mvua tu. Nikikaa wiki mbili nyingine, hii mbegu unayoiona tutaila. Mwakani tutakula nini, mimi na watoto hawa? Mwenyekiti wako mshahara wake humea hata akiwa amelala. Wangu mimi haumei mpaka niinamie udongo."

Aidan alitafuta kichwani kifungu cha kujibu hilo, kuanzia cha kwanza hadi cha kumi na tisa, hakukipata. Alimwonea huruma mama huyu, na alijionea aibu yeye mwenyewe, tena aibu kubwa.

"Nisomee huo mwongozo wako," mama akasema. "Sina kazi nyingine. Anzia mwanzo."

Akaanza kuusoma kwa kichwa, amesimama nje ya kamba. Alipofika cha pili mama aliinua mkono. "Hapo rudia."

"Kaya ni watu wote waliokula chungu kimoja, bila kujali cheo, dini wala mahali wanapolala."

"Hilo la cheo nani kaliweka?"

"Mwenyekiti mwenyewe, kwa kalamu yake. Kulikuwa na msiba, watu thelathini wamekula pale, kila mmoja akasema yeye si wa nyumba ile. Mwenyekiti alikasirika sana."

"Ameandika vizuri," alisema Mama Walburga, akarudi kwenye ungo wake. Aidan alipanda baiskeli, na hadi anafika ofisini hakujua kwa nini yule mama alikuwa anatabasamu.

Alhamisi Kamati ilifika saa sita mchana. Walikuwa watano, wamevaa suti, na Mheshimiwa Rupert amefunga tai ya mistari. Majirani waliokuwa bado hawajafungwa walijaa nje ya ua wa matete. Mgambo Alfonsi alisimama kwenye mwanya wa kuingilia na rungu lake, akiwa na barua ya amri mfukoni, imefungwa kwenye nailoni isilowe. Mwenyekiti alihutubia akiwa nje ya kamba, kama usalama unavyotaka. Alisema kukaa ndani ni kazi ya ujenzi wa taifa. Alisema wapo wanaodhani mzigo huu umewaangukia watu wa hali ya chini, na hao hawaoni mbali, kwani watu wa hali ya chini ndio wenye uzoefu wa mizigo.

Hotuba ilikuwa na kurasa nane. Kwenye ukurasa wa tatu upepo uligeuka, ukaleta harufu ya jogoo kutoka jikoni kwa Mama Walburga. Jogoo mwenyewe alikuwa wa kienyeji, kachemshwa taratibu tangu asubuhi, kaungwa kwa karanga. Mwenyekiti aliruka ukurasa wa nne. Kisha akaruka hadi "nawashukuru sana."

Ieleweke kwamba ziara ya viongozi bila chakula haijawahi kutokea mkoani kwetu. Ikitokea haiandikwi.

"Waheshimiwa," alisema Mama Walburga akipokea hati kwa mikono miwili, "mgeni kuniletea heshima kubwa namna hii, halafu aondoke hajanawa mikono, majirani watanielewaje? Nyumbani kwangu siku zote ni ugali na likolo, mboga za maboga hivi. Lakini leo nimejikaza. Karibuni."

Aidan alikohoa. "Mheshimiwa, samahani. Kifungu cha pili..."

"Vifungu baadaye, Aidan," alisema Mwenyekiti, ambaye mguu mmoja ulikwishavuka kamba. "Kukataa chakula cha mwananchi ni dharau."

Walinawa kwa sabuni, wakala kwenye kibaraza. Wajumbe walikula hadi wakalegeza mikanda. Mweka kumbukumbu, Mama Notburga, aliomba paja la pili akapewa. Mwenyekiti pekee ndiye aliyeonekana kukosa raha kidogo, anakoroga mchuzi kwa upawa, anachungulia, anakoroga tena. Hakusema anachotafuta, maana mtu mwenye tai haulizi. Aidan hakula, ingawa njaa ilikuwa inamuuma. Alisimama nje ya kamba akiona kabisa kitakachofuata. Akiisoma kanuni, kazi ataikosa. Asipoisoma, basi zile mara tatu alizoikaza kamba hii mbele ya mama mzima na wajukuu zake, alikuwa anafanya nini?

Walipoinuka kuaga, akaisoma. Aliisoma kwa sauti ileile ya kwaya, na majirani wakasikia kila neno, hadi "bila kujali cheo."



"Aidan," alisema Mheshimiwa Rupert, "unanifunga mimi?"

"Sikufungi wewe, Mheshimiwa. Nafunga kaya." Akakaza fundo. "Siku kumi na nne kuanzia leo."

Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja kwenye mwanya. Rungu la Alfonsi likashuka taratibu, likalala mbele yake.

"Alfonsi! Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, Mheshimiwa. Ndiyo maana barua yako nimeitunza." Akaitoa kwenye nailoni, akaikunjua. "Umeandika mwenyewe: asitoke mtu, hata ajitaje kuwa nani. Na ukapiga mstari chini ya nani."

Huko nje ya matete mtu mmoja alicheka, akafuatwa na wa pili, na kwa kitambo kirefu Kamati haikuweza kusikilizana. Walipotulia, Mwenyekiti aliona njia. Wajumbe wote wapo, akidi imetimia, muhuri uko kwenye pochi ya Mama Notburga. Akafungua kikao cha dharura palepale kati ya mabakuli. Alipendekeza kwamba viongozi wasihesabiwe. Majirani wakaguna kwa pamoja, mguno mzito, na mjumbe mmoja akamnong'oneza kwamba uchaguzi wa madiwani hauko mbali. Mwenyekiti akalipanua pendekezo. Azimio likapita kwa kauli moja, likapigwa muhuri: kaya yoyote iliyo karantini, ikikaa siku tatu bila mgonjwa, itaruhusiwa kutoka kwa pamoja, chini ya mkuu wa kaya, kwenda kufanya kazi ya lazima ya kaya, bila kuingia nyumba ya mtu. Nayo kaya hii ilikuwa imekaa arobaini na tano.

Aidan alipanda kwenye ile pikapu ya kipaza sauti, iliyokuwa inangoja nje, akalitangaza kabla wino haujakauka. Sauti ilifika hadi kwa fundi baiskeli, hadi kwenye nyumba ya mwisho yenye kamba. Vigelegele vikalipuka huku na huku, na dakika chache baadaye watu wakaanza kupita njiani, familia kwa familia, majembe mabegani, watoto mbele. Aidan alisahau kabisa habari ya kupunguzwa. Alifurahi mpaka macho yakamlowa, akalisoma tena azimio lote, japo hakuna aliyemwomba.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti, akiokota mkoba wake. "Kazi ya lazima iko ofisini. Twendeni."

"Samahani, mwanangu," alisema Mama Walburga. Safari hii hakumwita Mheshimiwa. "Kwenye kaya hii, kazi ya lazima anaisema nani?"

"Mkuu wa kaya," alijibu Aidan kutoka juu ya pikapu. "Liko kwenye azimio."

Mwenyekiti alinyoosha tai. Alieleza kwa upole kwamba mwongozo haumtaji mkuu wa kaya ni nani, na mwongozo ukinyamaza tunarudi kwenye mila. "Na kwa mila zetu sisi Wangoni, jambo hili halina ubishi. Mkuu wa nyumba ni mla firigisi. Kuku akipikwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Sasa hapa mwanaume mkubwa kuliko wote..." Akasita. Wajumbe walimtazama. Yeye alitazama chini, kwenye bakuli alilolikoroga mchana kutwa.

"Ile nilishaila," alisema Mama Walburga. "Jikoni, wakati naonja chumvi."

Mama Notburga aliandika hilo kwenye kumbukumbu. Alipomaliza kuandika alifunga daftari, akavua viatu vyake vya visigino, akauliza majembe yako wapi.

Saa tisa alasiri kaya ilikuwa shambani, ng'ambo ya kijito, watu wanane chini ya mvua nyepesi. Wajukuu walishika kamba ya kunyooshea mistari, wajumbe walichimba mashimo, na Mheshimiwa Rupert, suruali imekunjwa hadi magotini, alipewa mbegu kwa kuwa kwenye jembe hakufaa. Alitia punje saba shimo moja na shimo la pili akalisahau. Mama Walburga alimrudisha mwanzo wa mstari. Mbili, mwanangu, si saba, na funika kwa mguu. Waliopita njiani walimpa mama pole na kazi, naye akaitikia kwamba ahsante, siku hizi amepata watu.

Jua lilipoanza kushuka mgongo wa Mwenyekiti ulikataa kunyooka. Akaitisha kikao palepale kwenye tuta, akatoa hoja kwamba karantini za kaya, baada ya kutafakari kwa kina na kwa kuzingatia hali halisi ya wananchi, zifutwe mji mzima leo hii, na nguvu zote zielekezwe kwenye visima na vyoo. Ilikuwa hoja ya kwanza ya maana tangu Kamati iundwe. Wajumbe wote waliunga mkono, na Mama Notburga akashika muhuri mkononi tayari.

Lakini kupiga muhuri nako ni kazi, na kazi ya kaya husemwa na mmoja tu. Wakamgeukia mkuu wa kaya.

Mama Walburga alisema ameisikia hoja, na ni nzuri, na yeye binafsi hana kipingamizi nayo. Ila zimebaki ekari moja na nusu. Wakishamaliza, ataifikiria. Kisha akachomoa kigingi cha kamba, akakisimika kwenye mstari unaofuata.