Hedifoni Mbili, Kiti Kimoja

Wanangu, naandika hii nikiwa nimekaa. Shikeni hilo neno, nimekaa, tutalirudia. Kwanza niwape aibu yangu, manake kesho mtaisikia kwa watu wengine na wataongeza chumvi. (Na hii haihitaji chumvi.)

Leo saa saba mchana sauti yangu imefika mpaka rank, ile stendi ya taxi. Sio kwa sifa.

Kwa wasiojua kazi yangu: niko kwenye duka la simu la Papa Justin, Mkongo mmoja mkali, hapa hapa mjini Durban. Mimi ni wa mlangoni. Kwenye kola ya shati nimebanwa kimaiki kidogo, na nje kuna spika ndefu kama friji. Asubuhi mpaka jioni ni mimi tu: "Chaja! Kava! Kioo kimepasuka? Ingia mama! Ngena sisi! Boss, come inside!" Miezi minane nimesimama. Jioni nikifika nyumbani Cato Manor naongea na miguu yangu kama mtu anayebembeleza mke.

Sasa, ndani kaunta kuna kiti. Kiti cha kuzunguka, cheusi, kina pa kuwekea mikono. Aliyekuwa anakikalia kahamia Joburg wiki tatu zilizopita, na tangu hapo kiti kiko kitupu kinaniangalia. Tunaokitaka tuko wawili. Mimi na Fiston. Fiston ni Mkongo, kasoma mpaka shule ikamchoka, Kifaransa anacho, Kiingereza anacho, shati anachomekea. Mimi nina darasa la saba na mdomo.

Na kuna siri moja. (Ilikuwa siri. Mpaka saa saba.) Siku moja Papa Justin kaenda benki, nikarukia kile kiti, nikapiga picha nimekunja nne, nikamtumia mama Tanga. Nikaandika: "Mama, wamenipa kaunta." Mama akanijibu kwa sauti, dakika mbili nzima: "Meneja wangu! Kiti kimekupendeza! Usikunje mgongo!" Nyuma yake unasikia maandazi yanakaangwa. Ile sauti nimeisikiliza kama mara thelathini, na kila nikifika kwenye "meneja wangu" nakiangalia kile kiti kitupu. Kwa hiyo kile kiti kwangu halikuwa suala la miguu tu. Ilikuwa lazima nikipate kabla mama hajamaliza kutangaza mtaani.

Twende leo.

Papa Justin ana hedifoni mbili za kifahari. Zimekaa kwenye kabati la kioo mwezi mzima, na ukipumua karibu na kioo anakufuta wewe na kioo. Moja nyeusi, moja ya kahawia yenye ngozi laini. Moja tu ni eight thousand rand! Ya masikio tu, jamani. Kwa hela hiyo ningetegemea na meno yanasafishwa.

Akaingia Mama Solange. Mama mtu mzima, Mkongo, ndiye anayekaa kwenye mitambo ya sauti kanisani kwao Pinetown. Katoka saluni ya ng'ambo ya barabara muda huo huo, kasukwa rasta mpya zikapandishwa juu, juu, zikafungwa, zikapanda tena.

"Niko natafuta hedifoni ya kusikilizia kwaya," akasema. "Ile ya mbele, ya zamani, ilikuwa inanidanganya. Sopranos banaimba mubaya, miye nasikia muzuri."

Papa Justin akatuvuta mimi na Fiston pembeni. Akatunong'oneza: "Mwenye atauzisha ile kitu kwa huyu mama, kiti ni yake. Nimesema."

Fiston akaanza. Akachukua boksi akasoma. Wanangu, alisoma boksi LOTE. Hertz sijui ngapi, driver sijui za nini, mpaka pale walipoandika weka mbali na watoto. Mama Solange akamwangalia, akamwangalia.

"Mwanangu, miye nitavaa boksi?"

(Ndani ya moyo wangu mimi nilicheza.)

"Weye Tanzania! Kuya!" Papa Justin akaniita. Nikazima maiki yangu. Naapa nilizima! Nilibonyeza mwenyewe, taa ikazimika. Nikaingia kwa mwendo wa mtu mwenye kiti.

"Shikamoo mama."

"Jambo," akajibu. (Wakongo na shikamoo hawajawahi kuelewana. Sikukata tamaa.)

Nikamwambia: "Mama, mimi sitakusomea kitu. Nitavaa zote mbili, nikwambie ukweli wa masikio." Nikavaa ile nyeusi kichwani. Ile ya kahawia nikaining'iniza shingoni ili ziwe karibu karibu nizilinganishe, kama wale mafundi wa sauti ninaowaona kwenye simu.

Hapo ndipo mwenzenu nilipojizika. Ile ya kahawia nzito, ikalala kwenye kola, ikabonyeza kimaiki. Taa ikawaka. Mimi sijaona. Nitaonaje kitu kilicho chini ya kidevu changu?

Halafu nikabonyeza kile kitufe cha kuzima kelele za nje.

Wanangu. Dunia ilifungwa. Magari, hooter za taxi, jenereta ya jirani, vyote vikakatika. Nikaona mdomo wa Papa Justin unacheza lakini hamna sauti. Raha! Niliwaza, mwenye ndoa akivaa hii harudi tena.

Nikaiunganisha na simu yangu, nikaweka ile sauti ya mama. Ndiyo ninayoijua kuliko nyimbo zote. Na kwenye ile nyeusi, aisee, nilisikia vitu ambavyo mara thelathini zote sikuvisikia. Andazi likitumbukia kwenye mafuta, tsss. Mdogo wangu kwa mbali anauliza, "Kiti kina magurudumu?" Mama akimeza mate kabla ya kusema "meneja wangu." Karibu nilie.

Nikainama kwa Mama Solange, nikamnong'oneza. Yaani mimi nilijua nanong'ona. Mtu ukiziba masikio hujui unapiga kelele kiasi gani. Na kelele hiyo ilikuwa inapita kwenye kola, inaingia kwenye friji la nje, inatoka mtaani.

"MAMA, HII NYEUSI NDIYO KIBOKO. SOPRANO AKIKOSEA UTAMJUA MPAKA JINA. LAKINI INABANA KAMA KOLEO!"

Nikamwona Papa Justin anapunga mikono. Nikasema, eeh, patron, yaani bosi, kafurahi. Nikaongeza.

Nikabadilisha, nikavaa ya kahawia, nyeusi ikashuka shingoni. (Ikabonyeza? Haikubonyeza. Bahati yangu inajua pa kunikimbilia.) Nikaweka mama tena. Sasa hii ya kahawia inakaa vizuri, laini, kama umewekewa mito miwili ya mtoto mchanga. Ila sauti! Besi imejaa mpaka mama yangu kawa askari wa barabarani. "MENEJA WANGU!" Nikataka kutoa leseni.

"MAMA, HII YA KAHAWIA NI GODORO. UTALALA IBADA NZIMA. KWAYA YOTE UTAISIKIA WANAUME!"

Papa Justin sasa anaruka. Fiston kalala juu ya kaunta, mabega yanatikisika. Nikajua analia kwa kushindwa. Nikamwonea hata huruma.

"TATIZO NI HIZO NYWELE MAMA. HUYO WA NG'AMBO KAKUPANDISHIA KEKI YA HARUSI. HEDIFONI ITAKAA WAPI, GHOROFA YA NGAPI?"

Mama Solange kaziba mdomo kwa mkono. Machozi yanamtoka. Nikasema huyu mama ana huruma, ngoja nimalizie kabisa.

"MAMA NISAIDIE. MIMI NYUMBANI NIMEDANGANYA. NIMETUMA PICHA NIMEKAA KWENYE KILE KITI PALE, NA SIJAWAHI KUPEWA. UKINUNUA MIMI NAKIPATA. NA BEI HUYU PATRON ANASHUKA! BEBA MKOBA TU, JIFANYE UNAONDOKA. HUTAFIKA MLANGONI, ATAKUITA!"

Papa Justin akanifikia. Akanivua ile hedifoni kwa mikono miwili, kama anavua kofia ya mtu aliyekufa.

Na dunia ikarudi. Cha kwanza kuingia masikioni ni mimi mwenyewe, kutoka nje. Ile spika huwa inarudisha mwangwi kidogo. Nikasikia, taratibu, kwa sauti yangu: "...ATAKUITA... ITA... ITA."



Nikageuka mlangoni. Mlango umejaa watu! Wauza mboga, mafundi wa simu wa maduka ya jirani, Watanzania wenzangu wauza viatu, wote wanaojua Kiswahili na wasiojua. Taxi imesimama, robot, taa za barabarani, imeshawaka kijani, dereva hasogei. Hajaelewa hata neno, Mzulu wa watu, lakini kaona inatosha. "Eish! Sharp, my bra!" yaani safi ndugu yangu, akanipigia hooter.

Na katikati ya ile halaiki anapita Nana, yule msusi wa ng'ambo, kitana mkononi, mteja wake nyuma kasukwa nusu kichwa.

"Nani amesema keki?"

Nilitafuta pa kujificha. Mahali pekee palipokuwa wazi ni chini ya kile kiti.

"Nana, dada yangu," nikasema, (na HILO nalo likatoka nje, maiki bado inawaka, mtaa ukacheka), "keki ya harusi ni sifa! Nani hapendi keki?"

"Weye! Masaa tano nimesuka ile kichwa!"

Mama Solange ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anacheka mpaka amekalia boksi la Fiston. "Nana, acha mtoto. Amesema kweli. Angalia." Akachukua ile nyeusi akaivaa. Ikakaa juu ya rasta kama ndege juu ya mnazi. Akasogeza mbele, ikamwangukia puani. Akasogeza nyuma, ikatoka.

Mtaa mzima unaangalia. Kiti changu kilikuwa kwenye nywele, wanangu.

Nikamwangalia Nana. "Dada, wewe si ndiye fundi? Huwezi kumchania njia? Hapa katikati, toka sikio hadi sikio, upana wa vidole viwili. Hedifoni ipite kwenye njia yake, keki ibaki nyuma."

Nana akasogea. Akazunguka kichwa cha Mama Solange kama fundi anayekagua gari. Akafungua, akavuta, akagawa na kitana, akafunga upya nyuma. Dakika kumi, mlangoni hakuondoka mtu. Halafu akachukua hedifoni mwenyewe akaiweka.

Ikazama kwenye njia. Tii.

Nikamwekea Mama Solange ile sauti ya mama. (Sikuwa na kingine, na siri ilishakwisha.) Akafumba macho. Akasikiliza yote. Mwishoni akafungua jicho moja: "Mama yako amekuambia usikunje mgongo. Uko unasikia?"

Kisha akavua, akaiweka kaunta, akauliza bei. Papa Justin akataja. Mama Solange akatikisa kichwa. Akachukua mkoba wake. Akaubeba begani. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, pole pole, huku ananikonyeza.

Hatua moja. Ya pili. Watu wakamfungulia njia. Papa Justin kauma meno, anatoka jasho, anaangalia dari. Ya tatu.

"...Mama. Kuya."

Mtaa ulilipuka! Kama goli! Hata Fiston alipiga makofi, kisha akakumbuka yuko upande gani.

Akapunguziwa, akalipa, akaondoka nayo kichwani. Na Papa Justin akajaribu kujifanya ana kazi ya kupanga kava. Mimi nimesimama tu.  Kuna fundi wa jirani alianza: "Kiti!" Na wenzake: "Kiti! Kiti!" Dereva wa taxi naye kazunguka mtaa mzima karudi, anapiga hooter kwa mapigo hayo hayo.

"Bon," akasema Papa Justin. "Ikala." Yaani kaa. Halafu akaninyooshea kidole kwenye kola. "Mais ile maiki inabaki kwako."

Nikakaa. Nikazunguka mara mbili. Nikaweka mikono pa kuwekea mikono.

Faida na hasara: Nana kashapata wateja watatu wanataka "staili ya hedifoni," kaandika hadi kwenye ubao wake. Hasara ni ya Papa Justin. Mchana kutwa kila mteja akitajiwa bei anabeba mkoba. Mmoja alikuja kununua kava ya simu, hana mkoba, akaazima wa mwenzake. Fiston ndiye yuko mlangoni, na nasikia anaita wateja kwa Kifaransa safi kabisa, wanampita.

Saa kumi nimepiga picha. Nimekunja nne, halali, mgongo umenyooka. Nikamtumia mama. Jibu lake nimelisikilizia kwenye ile ya kahawia, manake nyeusi imeshaenda Pinetown. Kwa hiyo mama alikuja na sauti yake ya askari wa barabarani:

"Mwanangu, hiki kiti nilishakiona. Kwani huko hawapandishi watu vyeo?"

Kucheka ruhusa, wanangu. Ila shikeni kola kwanza.