Mama Mwenye Pikipiki Tatu

"Hivi, Bi Muna, maskini hujulikana kwa alama gani?" Jirani yake Wahida alimuuliza hivyo zamani, wakichambua mchele. Bi Muna akamjibu bila kuinua kichwa: "Ni yule ambaye kila mtu ana ruhusa ya kumhoji."

Alhamisi hii jibu hilo lilimrudia, maana kijiwe kilikuwa kimechemka kuliko birika lake la chai ya tangawizi. Kijiwe chenyewe ni benchi moja na makreti ya soda mbele ya kibanda cha mwanawe, Marwan, huko Bani Malik, Jeddah. Baada ya sala ya alasiri Bi Muna huuza chai na vitumbua hapo. Si msemaji. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mkewe ana masikio manne na nusu mdomo.

"Wananchi, sikizeni!" Jackton alisimama na simu yake. Kazi yake ni kulinda jengo, ila kijiweni wanamwita Hansadi, kwa sababu geti analilinda kwa jicho moja, na jicho la pili liko bungeni Kenya. "Ile sheria ya kaunti yetu imeanza kazi. Ukitaka matibabu ya bure, huendi kwa chifu tena. Ni kompyuta inakuchunguza. Inaingia kwa ardhi, inaingia kwa stima, inaingia kwa magari. Ikikupata na kitu, halas, umetolewa. Na haitaki kuku kama chifu."

"Na ugonjwa je, inauangalia?" aliuliza Hamdun. Huyu ni fundi saa, mzaliwa wa Jeddah, baba yake alitoka Unguja mwaka wa Mapinduzi. Wanamwita Mzee Mafi, kwani umuombe moto, umuombe chenji, jibu lake ni moja: mafi, hakuna.

"Ugonjwa wa nini, mzee? Inaangalia mali."

"Basi hiyo si hospitali, hiyo ni posa! Wakwe ndio huuliza mna nini kabla ya kuuliza hamjambo."

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Bi Muna akaona mmoja hakucheka: Absalom, dereva wa familia moja ya Al-Baghdadiyah. Wanamwita Turbo, na kwa kawaida yeye hucheka kabla kichekesho hakijaisha. Leo alikuwa amekishika kitumbua kana kwamba anamshikia mtu mwingine.

"Turbo, injini imezima?" Hansadi alimchokoza.

"Mathe wangu ametolewa."

"Mama yako? Ametolewa wapi?"

"Kwa ile mashine ya kusafisha damu. Si mnajua figo zake. Alikuwa anawekwa bure kila wiki. Juzi ameenda, wakaingiza kitambulisho, kompyuta ikasema huyu ni mtu wa uwezo, arudi na pesa. Amerudishwa nyumbani hivyo hivyo. Saa hii miguu imefura."

"Mtu wa uwezo?" Hansadi aliruka. "Mathe ambaye nyumba yake inavuja mpaka kuku wanalala kwa jirani?"

"Inasema ana ploti mjini, mita mbili za stima, na pikipiki tatu."

"Auzubillahi!" Mzee Mafi alijipiga paja. "Ajuza wa figo na pikipiki tatu! Anaziendesha kwa zamu, au moja ya kwendea msalani?"

"Hiyo ni mashine ya wezi!" Hansadi alinguruma. "Mfumo umeoza. Leo leo naandikia mbunge..."

Bi Muna aliweka birika chini. "Absalom, mwanangu. Kompyuta imekosea?"

Absalom alijikuna shingo. "Hapana, mama. Ni vitu vyangu. Niliviandikisha kwa jina lake."

"Kwa nini?"

"Sasa ningeweka jina la nani? Ndugu zangu wanaweza kuuza mlango ukiwa bado umefungwa. Na bibi yangu Jerioth, unajua, bibi ni mtu wa kuja. Mama ni mama."

"Hapo umesema," Hansadi alidakia. "Hata mimi ploti yangu..." Akakaa polepole. "Woi. Hata dada yangu Valary, yuko kazini Suwaidi, Riyadh, ameweka shamba lake kwa jina la mama huyo huyo."

"Basi mama yenu ni gavana," alisema Mzee Mafi. "Mwambieni tu asiugue. Mashallah, wanaume hodari! Mmewapa mama zenu mali wasiyoweza kuila, ili wanyimwe dawa waliyokuwa wakipewa. Mabilionea wanaochota maji kwa mtungi! Shetani mwenyewe angekuja kusomea kwenu."

Hansadi alikuwa ameshazama kwenye simu. "Iko njia. Mali ikihamishiwa mtu mwingine, mgonjwa anachunguzwa upya."

"Niihamishie nani?" Absalom aliuliza. "Nikiandikiwa mimi, lazima nifike niweke kidole, na kafili, bosi wangu, amesema mafi likizo."

"Nani humpeleka mama hospitali?" Bi Muna aliuliza.

"Jerioth."

"Nani humkosha?"

"Jerioth."

"Basi huyo mtu wa kuja ameshafika. Mpigie."

Simu ya Absalom ilikuwa haisikiki ila kwa spika, kwa hiyo aliiweka juu ya kreti, kijiwe kizima kikainamisha shingo.

"Baba Kevin," sauti ya Jerioth ilikuja, imechoka. "Mama amelala. Hajakula."

"Jerioth, kuna vitu nataka viandikwe kwa jina lako. Ndiyo mama arudishwe kwa mashine."

"Vitu gani?"

"Kuna ploti."

"Sema vyote," Hansadi alinong'ona.

"Na mita za stima. Na pikipiki. Tatu. Ziko hapo mjini, rafiki yangu Japheth ananisimamia biashara. Zimekuwa hapo tangu mwaka juzi."

Mzee Mafi alifungua mdomo. Bi Muna akamtazama, naye mzee akaufunga.

"Pikipiki," alisema Jerioth.

"Eeh."

"Baba Kevin, mimi namweka mama yako mgongoni mpaka barabarani. Tunakaa hapo kwa vumbi, namwomba kila mtu wa pikipiki atuhurumie." Alivuta pumzi. "Kwa hivyo nilikuwa naomba lifti kwa pikipiki zetu?"

Absalom alikigeuza kitumbua mkononi.

"Kesho nitaenda kuweka kidole," aliendelea. "Mama hana makosa. Wewe usinipigie mpaka nikupigie."

Simu ikakatika.

"Turbo," alisema Hansadi kwa upole. "Bora amekubali—"

Absalom alikirudisha kitumbua kwenye sahani. Akainuka, akalipita gari la bosi alilokuja nalo, funguo zikining'inia kidoleni, akaenda zake kwa miguu.