Nilivyoupamba Utafiti wa Dada

Jumatatu, 3 Juni
Utafiti wa afya ulikuwa yatima mpaka leo nilipoushika mkono. Shule sikuimaliza, ilishindwa yenyewe kunimaliza. Dada yangu, muuguzi wa idara ya dharura, ndiye mwenye utafiti. Mimi, msukuma machela, ndiye mwenye kalamu. Kazi: kukaa mlangoni, kuandika saa mgonjwa anapoingia na saa muuguzi anapomshughulikia mara ya kwanza. Wiki hii mambo kama kawaida. Wiki ijayo muuguzi mmoja atasimama mlangoni, awatazame wote, aliyezidiwa apite kwanza. Kungoja kukipungua, daktari mkuu atamwacha hapo daima. Kusipopungua, muuguzi anarudi wodini na utafiti unaingia kabatini. Dada kaupigania miaka miwili. Kaniambia niandike ninachokiona, basi. Nikamwambia aondoe shaka, macho ninayo mawili.

Jumatano, 5 Juni
Aibu. Watu wanangoja saa nzima. Mmoja aliyevunjika mkono kaniuliza hapa ni hospitali au kituo cha basi. Na haya yasomwe na wakubwa? Aibu ya nyumba husitiriwa na wa nyumbani. Saa nzima nimeifanya dakika kumi, na za Jumatatu na Jumanne nimezirekebisha vilevile. Nyingine kumi na mbili, isije ikaonekana nimepika. Idara inang'aa.
Mlinzi wa geti, tunayemwita Kufuli, kachungulia karatasi zangu. Kasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Yeye ana daftari lake la geti, anaandika kila anayepita na saa yake, nadhani hata paka. Nimemwambia dharura tunatibu yote isipokuwa wivu.

Jumanne, 11 Juni
Muuguzi wa mlangoni kasimama ubavuni mwangu kama nguzo. Anasoma kila ninachoandika. Imebidi niandike kweli tupu. Kazi ya kuchosha. Dakika kumi na nne, kumi na tano, kumi na tatu. Si mbaya.

Jumamosi, 15 Juni
Dada kapiga hesabu. Bila muuguzi mlangoni: dakika kumi na moja. Akiwepo muuguzi: kumi na nne. Yaani muuguzi anawachelewesha watu.
Dada kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, chumba cha dawa. Kisha akaniuliza polepole, mdogo wangu, wiki ya kwanza ulikuwa unatazama saa ipi. Nikasema ya ukutani. Akasema ya ukutani imesimama tangu mwaka jana.
Nikaungama. Akaniita kwa jina langu, la baba, la babu, na mengine ambayo sikujua ninayo. Jumatatu asubuhi daktari mkuu anataka majibu.

Jumapili, 16 Juni
Nimekwenda kwa Kufuli. Nimemwita kaka, nimemwita mjomba. Nilipofika mheshimiwa, akafungua droo, akatoa daftari. Kila mgonjwa yumo, wiki zote mbili. Na saa ya kushughulikiwa imo kwenye kadi zao, wauguzi huiandika wanapopima presha.
Mchana kutwa Kufuli anasoma, dada anaandika. Mimi nimenyang'anywa kalamu, nimepewa rula niishike. Dada ataeleza kwenye ripoti kwamba fomu zangu zimekataliwa, na sababu yake. Nimemwomba anitaje kwa jina. Kaniambia niishike rula vizuri.
Bila muuguzi: dakika hamsini na mbili. Akiwepo: kumi na nne. Pumzi imenirudi.

Jumatatu, 17 Juni
Daktari mkuu kasoma mara mbili, akavua miwani, akasema muuguzi abaki mlangoni. Dada kacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nimelala kwenye machela yangu dakika tano, mwepesi kama pamba. Na tuseme kweli: nisingeharibu, nani angelijua daftari la Kufuli? Huo nao ni mchango. Utafiti ujao ni wa kunawa mikono. Nimeshamnong'oneza Kufuli kwamba nina mbinu ya kuifanya idara yetu iongoze. Kasema siku hiyo atanifungia geti.
Kilichoharibika kweli ni kimoja. Alhamisi ya wiki ile ya kwanza alikuja mzee, kadi yake inasema maumivu ya kifua. Alingoja saa moja na dakika hamsini. Yu hai, karudi kwake, nimeulizia mara mbili. Lakini nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na sikumwita mtu. Nilikuwa nampunguzia dakika kwenye karatasi.