Maji ya Mabibo Hayalali

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Mama Mboni ameondoka asubuhi kwenda Mitole kumuuguza mama yake. Kaniachia watoto wawili, Mboni wa darasa la sita na Abdurahmani wa darasa la pili, pamoja na maagizo ya chakula chao cha shule. Muhogo au ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Kipande cha samaki. Mboga ya majani. Vyote vifungwe kwenye jani la mgomba. Basi. Akaniomba nisiongeze akili yangu hapo.

Nisiongeze akili yangu! Miaka kumi na minne ya ndoa!

Kisha, mguu mmoja uko nje, akasema kwamba akisikia watoto wake wameshinda na njaa hata siku moja, atakuja kuwachukua wakasome Mitole kwa kaka yake Abilahi, na mimi nibaki na kuku. Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni. Hatanii. Na huyo shemeji Abilahi, mwalimu wa chuo cha Kurani, hupita hapa kwa baiskeli kila Ijumaa akienda Nangurukuru. Habari zitafika Mitole zikiwa bado za moto.

Lakini nina mpango. Tangu tuhamie kijijini watoto hulima shamba la shule mchana, kwa hiyo hubeba chakula. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bonaventura, kachoka kuokota makopo na makaratasi kiwanjani. Katangaza kwamba kila kinachofungia chakula ama kioze, ama kirudi nyumbani. Na kila Ijumaa anamtaja mbele ya shule nzima mzazi aliyefunga chakula bora. Wiki mbili mfululizo kamtaja jirani yangu Rosalia, mke wa Valentini. Kwa mihogo! Mihogo mitupu!

Ijumaa hii atanitaja mimi. Abilahi atasikia kwa masikio yake mwenyewe. Mama Mboni ataletewa habari na hatakuwa na la kusema.

Jumanne, 4 Novemba

Redio inasema kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Watu wanavipanga kando kando kwenye sahani. Kupoteza muda! Nikatwanga vyote kinuni: muhogo wa kuchemsha, kunde, dagaa, matembele. Nikaviringa matonge manane. Rangi ilikuwa ya kijani, lakini kijani kilichokata tamaa. Abdurahmani akauliza kama ni ya kula au ya kupaka.

Majani ya mgomba ndiyo yalikuwa tatizo. Migomba yangu niliikata mwaka jana nipande alizeti, na alizeti yenyewe sitaki kuizungumzia. Nikaazima majani mawili kwa Rosalia. Mlango wake ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo sikumsumbua kwa kumwomba.

Majani yakapasuka kabla watoto hawajafika kisimani. Tonge moja moja likaanza kudondoka. Kuku wa kijiji kizima wakamfuata Abdurahmani mpaka mlango wa darasa, na jogoo wa Valentini akaingia ndani. Yakafika matonge mawili.

Jioni Rosalia akaja. Akasema jani hubabuliwa kwanza juu ya moto likalainika, ndipo lifunge chakula, na kwamba siku nyingine nigonge tu mlango. Alisema kwa upole. Ndicho kilichoniudhi. Nikamjibu kwamba ulikuwa utafiti.

Jambo moja la kutia moyo. Mboni anasema wameshiba. Wote wawili! Kwa matonge mawili! Yaani chakula kile kina nguvu kuliko nilivyokadiria mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Leo vifuu vya nazi. Kifuu hakipasuki, kinarudi nyumbani, na mwisho wa maisha yake ni kuni. Mwalimu Bonaventura angetaka nini tena? Kifuu chini, chakula ndani, kifuu juu, kamba ya makumbi ya nazi kuzunguka. Kamba niliiloweka usiku kucha iwe laini nikaze vizuri. Nilikaza kwa goti.

Kumbe kamba iliyolowa ikikaukia juani inajibana. Nani alijua? Rosalia alijua, lakini hakuulizwa.

Saa ya chakula watoto hawakuweza kufungua. Mwalimu Bonaventura hakuweza. Mwalimu wa hisabati naye hakuweza, na kipindi chake kikaishia hapo. Mwisho wakaleta panga. Kifuu cha Abdurahmani kikaruka kikagonga rimu ya gari wanayoitumia kama kengele. Darasa la kwanza wakadhani masomo yamekwisha, wakaenda nyumbani.

Nimeletewa barua. Mwalimu ananishukuru kwa juhudi na kuniomba nizipunguze.

Watoto wanasema tena wameshiba. Sikuuliza walikula nini. Mzazi anayeuliza sana anaonyesha kwamba hajiamini.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikosea njia. Nilishughulika na vyombo wakati ushindi uko kwenye kinywaji! Hakuna mzazi anayefunga kinywaji.

Nilikuwa chini ya mikorosho yangu nikiokota korosho za kupeleka ghalani. Unang'oa korosho, bibo unalitupa. Nikatazama lile lundo la mabibo, mekundu na ya njano, yamejaa maji, nzi wanakula bure. Chakula cha kulinda mwili kinaoza mbele ya macho yangu! Sisi nyumbani kwetu mabibo hatuyagusi, maana wengine huyatengenezea uraka, na mimi sijapata kuonja pombe hiyo wala kusimama karibu na inapopikwa. Alhamdulillahi. Lakini maji ya tunda ni maji ya tunda.

Nikakamua alasiri nzima. Mikono inanata mpaka sasa. Nikaazima kibuyu kikubwa kwa Valentini. Akauliza ni cha nini. Nikasema ni siri. Akanitazama, akatazama mikono yangu, akanipa kibuyu na kuanza kucheka. Ndani kulikuwa na machicha kidogo chini. Nilisuuza mara moja. Maji tunayachota mbali.

Kwa tahadhari nilimuuliza Rosalia, kwa kuzunguka, kama maji ya mabibo yakikamuliwa leo yatafaa kesho. Akasema neno moja, kwamba maji ya mabibo hayalali. Nikafurahi sana. Chakula kikilala kinachacha, kinakuwa kiporo. Haya hayalali! Yanabaki mapya! Nikamshukuru, nikaziba kibuyu kwa gunzi nikakaza barabara, nikakiweka karibu na mafiga kisipate baridi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimetajwa. Mbele ya shule nzima. Mara tatu.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi gunzi lilikuwa limeruka lenyewe na kibuyu kinatoa povu. Nikaona ni dalili ya uhai. Mboni akanusa, akaniambia Baba, hii si nzuri. Nikamwambia mtoto wa darasa la sita hamfundishi mzazi chakula cha kulinda mwili. Nikamwamuru akipeleke ofisini kwa Mwalimu Mkuu, walimu na wageni waonje kwanza, watoto baadaye.

Namshukuru Mungu kwa mpangilio huo. Ni jambo pekee nililolipanga vizuri wiki hii, na nililipanga kwa kutafuta sifa.

Shemeji Abilahi alifika shuleni saa tano, kavuja jasho, kaendesha kutoka Mitole. Akapewa kikombe cha maji ya matunda kutoka nyumbani kwa shemeji yake, mtu wa swala tano. Angeshuku nini? Akanywa. Akasifu. Akanywa cha pili. Cha tatu akajimiminia mwenyewe. Kisha akapanda baiskeli awahi swala ya Ijumaa Nangurukuru, akakata kona mahali pasipo na kona, akaingia kwenye matuta ya mchicha ya darasa la tano.

Mimi nilikuwa msikitini hapa kijijini, namwomba Mungu jina langu litajwe. Natoka, nafika shuleni na kanzu yangu nyeupe, nakuta shule nzima imejipanga na Mwalimu Bonaventura yuko mbele. Yeye kwao ni Newala, uraka kakulia nao. Alionja kikombe kimoja kuhakikisha, halafu akahakikisha tena. Akatangaza mara tatu kwamba wiki hii mzazi wa kutajwa ni Bwana Rashidi Likwata. Nikanyoosha kofia. Akasema katika miaka yake yote ya ualimu hajapata kuletewa uraka safi namna hii, na kutoka kwa Mwislamu, na siku ya Ijumaa.

Walicheka mpaka wa darasa la kwanza, ambao hawakujua wanacheka nini.

Nikaenda kwa Rosalia nikiwa nimewaka. Kwa nini alinidanganya? Akashika kiuno. Akasema aliniambia wazi kwamba hayalali. Hayalali! Usiku kucha yanafanya kazi, yanachemka, hayapumziki, kwa hiyo hunywewa siku ileile! Valentini alikuwa barazani amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Shemeji alipopata fahamu alikuwa amelala kwenye mkeka wa Valentini na Rosalia, waliombeba kutoka matutani. Swala imempita. Hakunifokea. Alilia. Akasema anarudi Mitole kwa miguu, baiskeli ataikokota, na kesho atakuja dada yake. Najua maana yake. Nimeshindwa kula. Nimekaa mlangoni nawatazama watoto wanacheza kombolela.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Mboni kafika kabla ya adhuhuri. Hakukaa. Akasema watoto wafunge nguo zao.

Nilianza kueleza habari ya kulala na kutolala. Akainua mkono mmoja nikanyamaza. Akawauliza watoto wiki nzima wamekula nini. Nikafumba macho.

Mboni akasema walikula muhogo. Kila siku. Na samaki, na mchicha, isipokuwa Jumatano ilikuwa ming'oko. Nikafumbua macho. Anasema nini huyu?

Ikatoka yote. Kila alfajiri, kabla sijaamka, mtoto huyu alikwenda kwa Rosalia kuchemsha muhogo kwenye moto wake. Akafunga mafungu mawili kwenye majani yaliyobabuliwa, akayaficha kwenye mfuko wa madaftari. Chakula changu walipewa kuku, na mbuzi wa mwenyekiti, ambaye alikikataa. Mama yake akamuuliza kwa nini hakusema. Mboni akaangalia chini. Akasema angesema wangechukuliwa, na Baba angebaki peke yake, na Baba peke yake hawezi.

Hapo nilitoka nje. Nilisema nakwenda kutafuta kuku. Nilisimama nyuma ya choo nikalia, na siandiki zaidi ya hapo.

Niliporudi Mama Mboni alikuwa amekaa, watoto wamemlalia magotini. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kasema hawachukui. Mama yake mgonjwa bado anahitaji wiki moja, kwa hiyo anarudi Mitole peke yake. Lakini jiko kalikabidhi kwa Mboni. Mbele yangu! Mboni ndiye mwenye amri ya moto, chungu, kinu na kila kinachofungwa. Mimi nakata kuni na kuchota maji. Nikigusa mwiko kabla hajarudi, Mboni ataandika barua, na safari hii watoto watakwenda kweli.

Nikakubali. Niliapa. Mwiko sitaugusa.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi tulivu. Nimepata nafasi ya kuitazama wiki kwa utulivu, bila watu kucheka.

Ukweli ni upi? Watoto wako nyumbani. Hawakukosa kula hata siku moja. Jina langu limetajwa shuleni. Na binti yangu ana akili ya mipango ya siri ya kustaajabisha, ambayo wote wanajua kaitoa upande gani. Kwa hesabu yoyote ya haki, mpango wangu umefaulu. Kasoro ilikuwa ya kinywaji tu. Basi hakuna vinywaji tena. Najifunza.

Ninachokiona sasa ni kwamba kile chakula cha Mboni, pamoja na heshima zote, kimepungukiwa vya kujenga mwili. Na gunia la korosho liko hapo pembeni. Korosho! Inajenga mwili kuliko samaki, na ganda lake ndilo kifungashio chake. Mungu mwenyewe kaifunga. Zikikaangwa leo, kesho kila mtoto anabeba mfuko mmoja, Ijumaa Mwalimu Bonaventura hana budi kunitaja upya, na Mama Mboni anasikia habari nyingine kabisa.

Watoto wamekwenda na Rosalia kuchuma mboga. Hawatarudi kabla ya saa sita. Watu hapa hukaangia korosho nje, uwanjani, mbali na nyumba, wamesimama mbali, wakikoroga kwa fimbo ndefu. Sijui kwa nini. Kujionyesha tu. Mimi nimewasha ndani ya jiko, chini ya paa la makuti, nikaziba dirisha kwa gunia Rosalia asione moshi. Kiapo nimekitunza. Nakoroga kwa kijiti, mwiko sijaugusa.

Maganda yameanza kutoa mafuta na kulialia. Moto umependeza, umeanza kupanda wenyewe.